Nilivyojifunza Kihungaria Hapa Katito

Ndugu msomaji, kabla hujacheka kichwa cha makala haya, itazame kalamu iliyo mkononi mwako. Ikiwa ni ya biro, basi umeshika jina la Mhungaria. László Bíró alizaliwa mjini Budapest mwaka wa 1899, na mwaka wa 1938 akasajili uvumbuzi wake wa kalamu yenye gololi ndogo mdomoni, inayobingirika na kuachia wino. Kwa Kihungaria bíró ni hakimu, na uwanjani ndiye refa. Kwa Dholuo, kama tujuavyo sote hapa Katito, biro ni kuja.

Na kocha je? Neno hili tulilitoa kwa Waingereza. Waingereza nao walilipata kutoka kijiji cha Kocs nchini Hungaria, ambako katika karne ya 15 mafundi waliunda gari zuri la kukokotwa na farasi, likaitwa kocsi. Baadaye Waingereza walianza kumwita hivyo mtu anayembeba mwanafunzi mpaka afaulu mtihani, kisha anayewabeba wachezaji mpaka washinde. Kwa hiyo kila tunapomlaumu kocha wa Gor Mahia, tunasema Kihungaria kidogo. Wahenga walisema tembea uone. Mimi nimeona mengi nikiwa nimekalia kigoda nyumbani kwetu, wala sijapanda hata ndege ya karatasi.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu mkubwa alipata ufadhili wa serikali ya Hungaria uitwao Stipendium Hungaricum, ulioanzishwa mwaka wa 2013. Ufadhili huo humlipia mwanafunzi karo, humpa posho ya kila mwezi, bima ya matibabu na nafasi katika bweni au msaada wa kodi ya nyumba. Nauli ya ndege haumo. Hiyo nauli ndiyo iliyotutoa jasho. Baba aliuza fahali, mama akachukua mchango wake wote wa chama, na jamaa wakaitwa kwa harambee. Dani, yaani nyanya yetu mzaa baba, aliuza kuku wake sita, akaja na pesa zimefungwa kwenye pindo la leso. Alimkabidhi dada bila kusema neno.

Dada alikuwa anakwenda kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Debrecen, mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, ulioko mashariki. Masomo yenyewe ni kwa Kiingereza. Lakini mtu hanunui mkate kwa lugha ya darasani, wala hamweleza mzee wa kituo cha basi kwamba amepotea kwa lugha ambayo mzee hajui. Bahati ikawa upande wetu. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye sisi humwita kaka, alikuwa amerudi likizo baada ya miaka miwili huko huko Debrecen. Mji huo una shule ya kiangazi inayofundisha wageni lugha na utamaduni wa Kihungaria tangu mwaka wa 1927, naye alipitia hapo akiwa hajui kusema hata "maji". Alirudi na madaftari yake yote.

"Kwao sasa ni kiangazi," alisema, "na kwetu ni likizo ya Agosti. Basi tufanye kozi ya kiangazi hapa hapa."

Wiki tatu nzima, kila jioni baada ya ng'ombe kufungwa, tulikaa chini ya mwembe. Mwanafunzi alikuwa dada. Mimi niliitwa kushika taa tu, lakini masikio hayafungwi kamba.

Somo la kwanza lilikuwa herufi. Kihungaria kina herufi 44, na baadhi zina tabia za ajabu. Ukiona s, sema sh. Ukiona sz, sema s. Ukiona cs, sema ch. "Kumbe Budapest ni Budapesht!" dada akashangaa. Herufi ö na ü zilitutesa mno, kwa maana midomo inaviringwa kama ya kupiga mbinja huku ulimi ukibaki mbele. Lakini tulipofika ny tulipumua. Ny yao ni yetu, ile ile ya Nyando, Nyakach na Nyabondo. "Hapo," kaka alisema, "mtoto wa Katito anamshinda Mwingereza."

Mkazo nao hauhami. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao huweka kwenye silabi ya kwanza, kila neno, kila siku. Halafu kuna irabu ndefu na fupi. Kor ni umri, na kór ni ugonjwa. Kwa hiyo ukivuta irabu ovyo unapoulizwa umri wako, utapelekwa hospitali.

Tulihesabu: egy, kettő, három, négy, öt, hat, hét, nyolc, kilenc, tíz. Hét ni saba, na pia ndiyo wiki. Nap ni jua, na pia ndiyo siku. Hapo Dani, aliyekuwa akichambua njugu kando yetu akijifanya hasikii, aliinua kichwa. Dani husema Dholuo tu, na nitamtafsiri kadiri niwezavyo.

"Umesema jua na siku kwao ni neno moja?"

"Ndiyo, Dani."

"Kama chieng'?"

"Kama chieng' kabisa."

Dani akatikisa kichwa taratibu. "Basi hao ni watu. Wanajua siku inatoka wapi." Kuanzia jioni hiyo akawa mwanafunzi wa tatu.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sehemu inayofuata ni yenu hasa. Tunapofundishwa kauli ya kutendea tunakariri kwamba pika huwa pikia, kata huwa katia, funga huwa fungia, ilhali soma huwa somea na leta huwa letea. Irabu ya mzizi ndiyo huamua kama mwisho utakuwa -ia au -ea. Mimi nilidhani huo ni ukorofi wa watunga mitihani. Kumbe Wahungaria wanaishi na jambo la namna hiyo lugha nzima! Ház ni nyumba, na ndani ya nyumba ni házban. Kert ni bustani, na ndani ya bustani ni kertben. Neno lenye irabu za nyuma ya kinywa huchukua -ban, na lenye irabu za mbele huchukua -ben. Hata Dholuo ina jamaa mbili za irabu zinazotafutana ndani ya neno, ingawa herufi tunazoandika hazizitofautishi. Masikio ya Dani huzijua bila kufundishwa.

Tena tazama jinsi wanavyopachika vipande mwishoni: ház, házban, kama sisi tunavyosema nyumba, nyumbani. Ila sisi tunasema niko nyumbani, naenda nyumbani na natoka nyumbani, -ni moja ikitosha kwa safari zote. Wao wanataka kipande cha kuwa ndani, házban. Cha kuingia, házba. Na cha kutoka, házból. Dada alilalamika kwamba hii ni nyumba yenye milango mingi mno.

Siku iliyonifurahisha zaidi ni ile ya szeretlek. Mwingereza akitaka kumwambia mtu kwamba anampenda, anahitaji maneno matatu. Mhungaria anasema szeretlek, neno moja, na kile kipande -lek mwishoni kimewabeba mimi na wewe pamoja. Mswahili anasema nakupenda, neno moja. Mjaluo anasema aheri, neno moja. Isitoshe, Kihungaria hakina "he" na "she" za Kiingereza zinazotutoa jasho katika insha. Wana ő, kama yeye yetu. Kaka alituambia kuwa Wahungaria wakianza Kiingereza nao humwita mwanamume "she", na mwalimu huwashangaa kama anavyotushangaa sisi. Nilicheka, lakini moyoni nilitulia. Nilikuwa nikidhani kwamba sisi ndio tuna vichwa vigumu. Kumbe ni lugha zetu zilizojengwa kwa ramani nyingine.

Utamaduni tuliujifunza katikati ya sarufi. Mhungaria huanza na jina la ukoo. Yule mchezaji mashuhuri kwao ni Puskás Ferenc, naye alikuwa uwanjani tarehe 25 Novemba 1953 walipowafunga Waingereza mabao 6 kwa 3 kwao Wembley. Watoto wao huwaamkia wakubwa, hasa akina mama, kwa neno csókolom, lililotokana na kusema "nakubusu mkono". Si ndugu ya shikamoo hiyo, ambayo asili yake ni kushika miguu? Wageni hukaribishwa kwa Isten hozott, maana yake Mungu amekuleta.

Saa zao zinahitaji uangalifu. Saa moja na nusu asubuhi, ambayo Mwingereza huiita saba na nusu, wao huiita fél nyolc, yaani nusu ya nane, kwa sababu nusu ya kuifikia nane imekwisha kwenda. Mgeni asiyejua hufika saa nzima baadaye, akakuta darasa limekwisha. Dada aliandika hilo kwa wino mwekundu.

Na chakula! Gulyás ni supu ya nyama inayojulikana duniani kote, lakini neno lenyewe maana yake ni mchunga ng'ombe. Ni chakula cha malishoni. Kaka alileta paketi ya paprika, zile pilipili tamu zilizokaushwa na kusagwa. Profesa Szent-Györgyi Albert wa mji wa Szeged alipata vitamini C kwa wingi kutoka kwa pilipili hizo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1937. Basi kaka akatupikia halászlé, supu ya mvuvi, yenye vitunguu na paprika nyingi. Wao hutumia samaki aitwaye ponty. Sisi tulitumia ngege kutoka sokoni. Mama alionja, akaonja tena, akasema, "Huu ni mchuzi wetu, umevaa tu nguo nyekundu." Sufuria ilirudi jikoni tupu.

Walio na supu ya mvuvi lazima wawe na ziwa. Lao ni Balaton, lenye urefu wa kilomita 77 hivi na wastani wa kina cha mita tatu tu. Kwa eneo halifiki hata sehemu moja kwa mia ya ziwa letu lenye kilomita za mraba 68,800. Hata hivyo huliita "bahari ya Wahungaria". Dani hakuona ajabu. Kwake ziwa na bahari vyote ni nam.

Jioni moja Dani aliuliza, "Hao watu wamewahi kufika huku?" Kaka akamsimulia habari za Teleki Sámuel, aliyeondoka pwani ya Pangani mwaka wa 1887 na wapagazi waliosema Kiswahili, na mwezi wa Machi 1888 akafika ziwa la kaskazini, akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wao. Jina hilo lilikaa mpaka mwaka wa 1975, serikali ya Kenya ilipoliita Turkana.

"Kwani watu wa huko hawakuwa na jina la ziwa lao?" Dani akauliza.

"Walikuwa nalo, Dani."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatoa lile lililokuwa likimkaa moyoni tangu siku ya pindo la leso. Alimtazama dada, si kaka, akasema, "Mjukuu wangu, utakaporudi, nitaongea nawe kwa lugha gani?"

Msimwone Dani kuwa mshamba. Ana sababu. Kila Desemba wajukuu zake wengine huja kutoka Nairobi, ambako si Ulaya, na wakiwa na kiu hawawezi kumwomba maji. Humwonyesha kikombe kwa kidole. Yeye huwapa maji, huwapapasa kichwa, na mazungumzo ya mwaka mzima huishia hapo.

Dada alishindwa kujibu. Ni kaka aliyejibu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema kwamba zamani Wahungaria waliambiwa lugha yao haifai. Mambo ya serikali yao yaliandikwa kwa Kilatini, na wasomi wengi walipenda Kijerumani. Walitoka mbali mashariki, wakaingia katika nchi yao ya sasa mnamo mwaka wa 895, na ndugu wa lugha yao, kama Wafini na Waestonia, wako mbali nao. Majirani wote husema lugha za koo nyingine. Hapo nilijikumbuka sisi, tulioteremka kutoka Sudan kwa kufuata Mto Naili tukiwaacha nyuma Waanuak na Waacholi, tukaketi kati ya Wakisii na Waluhya, na Wakipsigis pale juu ya Sondu.

Basi Wahungaria hawakukaa kulia. Mwandishi Kazinczy Ferenc na wenzake, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, walitunga na kueneza maelfu ya maneno mapya ili lugha iweze kusema sayansi, sheria na biashara. Mwaka wa 1825 kijana tajiri, Széchenyi István, alisimama bungeni akatoa pato la mwaka mzima la mashamba yake ili kianzishwe chuo cha wataalamu cha kuikuza lugha. Mwaka wa 1844 Kihungaria kikawa lugha rasmi mahali pa Kilatini. Leo nchi hiyo haifikishi watu milioni 10, nao husoma udaktari na uhandisi kwa lugha ya mama zao.

Nilikaa na taa yangu nikipiga hesabu. Katika sensa ya mwaka wa 2019 Wajaluo wa Kenya pekee walikuwa zaidi ya milioni 5. Si haba! Lakini katika shule ya msingi niliyosoma, aliyesikika akisema Dholuo alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea vivyo hivyo, na jioni wote walioshika kibao walichapwa. Tulijifunza kuviziana. Hata Kiswahili kilihesabiwa kosa siku nyingine. Nani kati yetu angedhani, akiwa na kibao shingoni, kwamba lugha inayomletea viboko ina sarufi ya kumshangaza profesa? Ilinibidi nifundishwe lugha ya watu wa mbali ndipo nione kwamba ya kwetu ina mifupa.

Simaanishi tuvichukie Kiingereza na Kiswahili, la hasha. Kiingereza ndicho kilichompeleka dada chuoni. Kiswahili ndicho kinachoniwezesha kusema nanyi hapa, awe msomaji Mjaluo, Mkisii au Mkipsigis, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Dada aliondoka mwanzoni mwa Septemba. Kabla hajaingia garini alimwinamia Dani, akamwambia "Csókolom", kisha akamsemea maneno mengine kwa Dholuo sikioni, ambayo hatukuyasikia. Sasa hupiga simu kila Jumapili. Mkataba wake na Dani ni huu: dakika za kwanza ni za Dholuo tupu, na kila juma dada humletea Dani neno moja la Kihungaria, naye Dani humlipa kwa neno moja la zamani la Dholuo ambalo dada hakulijua.

Mimi nimekuwa karani wao. Nina daftari la kurasa 96, na limejaa mpaka katikati. Ukurasa wa samaki ndio mrefu kuliko yote. Humo mna ngege, kamongo, mumi, fulu, mbuta, omena na ningu. Huyu ningu, Dani anasema, alikuwa akipanda mito ya Nyando na Sondu-Miriu wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, na watu walimngojea kama sherehe. Walimvua mno akiwa amejaa mayai, akapungua. Mimi mwenyewe sijamla. Jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza chini ya mwembe, kutoka kinywa cha mtu aliyemla. Kama nisingeliandika, pengine lingekwenda na Dani.

Basi wenzangu, na walimu wetu tunaowaheshimu, ombi langu ni dogo. Széchenyi alitoa pato la mwaka mzima, nasi wa shule ya kutwa hatuna pato. Tuna jambo ambalo wenzetu wa bweni hulipata likizoni tu: sisi hulala nyumbani kila usiku, karibu na wazee. Kila mmoja wetu, wa lugha yoyote ile, na achukue daftari moja, amwulize nyanya au babu neno moja kwa siku, aliandike pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Chama chetu kina wanachama wa kutosha kujaza sanduku zima kabla ya kufunga mwaka. Kalamu tunazo. Jina lake, kwa lugha ya Dani, ni kuja.